Matundu Thelathini ya Mzee Tobo

4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nitazitoa mwishoni, maana nikianza nazo nitapoa, na leo sitaki kupoa. Baba anakwenda ibada.

Soma tena kama hujaamini. Baba yetu, Mzee Tobo, aliyekagua tiketi za treni miaka thelathini na minne, ambaye sikumbuki kumwona ndani ya nyumba ya ibada isipokuwa siku ya mazishi ya mama, sasa anaamka giza halijaisha, anapiga kiwi vile viatu vyeusi vya kazini, anavaa koti na kutoka. Kila siku ya Mungu, tangu Januari. Nilinyamaza nikidhani ni wazimu wa uzeeni, utapita. Haujapita.

Ningefurahi kama ingekuwa baba wa mtu mwingine. Lakini wewe na mimi tunamjua huyu. Unakumbuka zile kadi alizotupa utotoni. Viboksi thelathini, kila asubuhi tuliyokwenda ibada tundu moja kwa koleo lake la tiketi, kach! Mama alikuwa anatuwekea alama ya penseli Baba akiwa safarini, naye akirudi anatoboa. Kadi ikijaa, unapanda treni naye mpaka kituo cha mwisho. Isipojaa, unapiga magoti sakafuni jikoni, nusu saa kwa kila tundu lililokosekana. Mimi niliwahi kukosa matatu, asubuhi tatu nilizobaki nikimkanda mama mgongo. Nikaeleza, mama akaeleza. Akasema kanuni ni kanuni. Wewe ukapanda treni na kadi yako imejaa, mimi nikabaki na sakafu. Magoti haya ninayokanyagia cherehani leo bado yanaikumbuka sakafu ile.

Ndiyo maana nasema, mtu aliyetulea hivyo hafanyi kitu bure. Ana lake jambo. Kwanza nilihisi kuna mwanamke, nikachunguza kola za mashati yake ninapofua, hakuna kitu. Nikahisi anaumwa na amejificha. Anakula vizuri kuliko mimi. Sasa nahisi yule mwalimu wa ibada, mwenye sauti laini kama anakuuzia kitanda. Wanataka kupanua jengo lao, na ua wao umepakana na ukuta wetu. Unaona ninapoelekea?

Juzi niliingia chumbani kwa Baba kuchukua shuka, nikafungua lile kopo la biskuti. Hati ya nyumba haimo. Nilipomuuliza akajibu, "Iko mahali salama," na akaangalia viatu vyake.

Kitinda, chumba cha mbele ndicho maisha yangu. Vyerehani viwili, meza ya kukatia, wateja wanaoujua mlango. Baba akiigawa nyumba hii ili apewe kiti huko mbinguni, mimi nitakuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyebeba vyerehani viwili kichwani. Mwandikie. Nikisema mimi ni kelele za nyumbani, ukisema wewe anasikia. Wewe ndiye uliyejaza kadi.

Usipige simu ile ya dukani, mtaa mzima utajua. Salamu sasa: sote wazima.

Dada yako,
Fundi

*

15 Machi

Dada, shikamoo,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nimeisoma kikazi.

Usinikasirikie, hii kazi ya kupima malori kwenye mizani imeniharibu. Dereva wa lori akiniambia amebeba pamba, mimi nauliza chini ya pamba kuna nini. Juu ya barua yako kuna ibada. Chini yake kuna hati. Ulikwenda kuchukua shuka. Ninavyojua mimi, shuka hukaa kwenye kabati lako, siyo chumbani kwa Baba. Na kopo la biskuti liko chini ya kitanda, mtu halioni kwa bahati mbaya, lazima ainame. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nyumba ile ni ya watoto wawili, na mtoto mmoja yuko mbali.

Lakini kuhusu Baba niko nawe. Mimi pia siamini. Kila siku naona madereva wakipunguza mzigo kilomita mbili kabla ya mizani, na siku tukifunga kwa matengenezo wanapita wamejaza mpaka chuma kinalia. Hakuna anayelinda barabara kwa kuipenda. Wanaogopa faini, basi. Huyu mzee kuna mtu amemwonyesha ama zawadi ama fimbo, na tukitaka aache itabidi tumwonyeshe kubwa zaidi.

Nimeshamwandikia, bahasha yake inatoka leo pamoja na yako. Nimempa mwezi mmoja: akitulia nyumbani asubuhi, mimi nitakuja Mei. Ndani ya huo mwezi wewe tafuta hati. Usijifanye unajua lolote.

Kama nitakuja kweli? Tutaona huko mbele. Likizo hapa hazipatikani kirahisi.

Mdogo wako,
Kitinda

*

15 Machi

Baba, shikamoo,

Natumaini magoti hayakusumbui sana. Nimesikia kwamba siku hizi unatoka alfajiri kwenda ibada. Ni jambo jema, wala sina neno. Hata mimi huku nasali kila nipatapo nafasi, ingawa kazi ni nyingi.

Wasiwasi wangu ni baridi ya asubuhi na umri. Nakuomba upumzike nyumbani mwezi mmoja tu, asubuhi thelathini, mwili upate nguvu. Ukinifanyia hivyo, mimi nitakuja Mei nikae nawe wiki nzima. Miaka sita bila kuonana ni mingi, Baba. Nataka nikukute mzima.

Mwanao,
Kitinda

*

2 Aprili

Kitinda,

Kwanza hilo la shuka. Zilihamia chumbani kwa Baba mwaka ule kabati langu lilipoliwa na mchwa, jambo ambalo ungelijua kama ungekanyaga nyumba hii. Na ndiyo, niliinama. Kopo nililifungua kwa makusudi. Umefurahi? Nimekujibu kama niko mahakamani, na nilikuogesha mwenyewe ukiwa mdogo, wewe mtu wa mizani.

Sasa sikia. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimeshaanza na njia zangu. Nilivificha vile viatu vyeusi kwenye gunia la vipande vya nguo. Akavitafuta chini ya kila kitu, hakuniuliza, akaenda na kandambili, juu koti la heshima chini vidole nje. Kesho yake nikamwambia chai ya nyumba hii ni ya mtu aliyepo inapochemka, anayetoka atakuta maji. Akatoka. Akarudi, akanywa maji amesimama, akaosha glasi, akasema asante. Ile asante ilinichoma, lakini nikajikaza. Siku kumi hivyo.

Ndipo barua yako ikaja. Aliisomea kwenye meza yangu ya kukatia, akaitandaza juu ya sketi ya mteja, akaisoma mara tatu. Kesho yake hakwenda. Wala keshokutwa. Nikamrudishia viatu, nikampa chai yenye sukari vijiko viwili na maziwa. Mpaka leo hajatoka. Tumeshinda.

Basi mbona sina raha? Anaamka saa ile ile. Anavaa koti, anakaa dirishani anawatazama wanaokwenda, na wakishapita wote anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Halafu nasikia kach! Mara moja tu. Nilidhani masikio yangu yana mashetani. Jana alipokwenda kunyoa nikaingia, na safari hii sikusingizia shuka. Koleo la tiketi liko juu ya meza, limepakwa mafuta. Pembeni kuna kadi mpya. Viboksi thelathini, Kitinda. Kumi na tatu vimetobolewa, tundu lake lile lile la umbo la kitasa. Haina jina wala maandishi.

Wamempa kadi! Mwalimu amemwambia, kama huwezi kuja, fanyia nyumbani, ukifika thelathini tutatia sahihi. Ninavyohesabu mimi zimebaki asubuhi kumi na saba nyumba hii iende. Hati nimeitafuta mpaka ndani ya godoro. Fanya kitu, ama sema tu kwamba hutafanya.

Fundi

*

11 Aprili

Dada, shikamoo,

Samahani kwa shuka.

Hiyo kadi imenikosesha raha, kwa sababu ambayo sitaiandika leo. Usiiguse. Usimuulize Baba. Nenda kwa huyo mwalimu wa ibada mwenyewe, mchana, mbele ya watu, umuulize uso kwa uso. Mtu mwenye mzigo wa wizi hujulikana anavyoshuka kwenye gari.

Na jambo jingine. Uliniuliza kama nitafanya kitu. Ukweli ni kwamba sijaomba likizo. Ile Mei niliiandika kama chambo tu. Usimwambie.

Kitinda

*

20 Aprili

Kitinda,

Nimekwenda. Nilimkuta mwalimu amepanda ngazi anafuta madirisha, kwa hiyo hakushuka kwenye gari lolote nikamsoma. Nikamuuliza amemwahidi nini Mzee Tobo. Akauliza Mzee Tobo ni nani. Nikamweleza: mrefu, koti la kijivu, viatu vinavyong'aa. Akasema ah, yule wa mstari wa mwisho, karibu na mlango. Hajui jina lake. Anasema Baba hakuwahi kuuliza kitu wala kuomba kitu, anakaa, wakimaliza anaondoka. Akaniuliza mimi kama mzee ni mgonjwa, maana hajamwona muda mrefu, isipokuwa asubuhi moja.

Asubuhi moja! Asubuhi gani, wakati mimi namwona dirishani kila siku? Ama mwalimu ananidanganya, ama Baba. Nikamuuliza habari ya kadi, akacheka, akasema hapa hatuhesabu watu. Mtu anayetaka nyumba yako naye angesema hivyo hivyo.

Na kadi haipo mezani tena. Juzi asubuhi ilikuwa ya thelathini, nilihesabu. Nimesubiri watu wa kupima kiwanja, hawajaja. Baba ameniomba bahasha na stempu. Nikampa. Sikuuliza za nini, nilitaka kuona kama atasema mwenyewe. Akaingia nazo chumbani. Nimekata gauni la bibi harusi vibaya leo, mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, mimi, baada ya miaka ishirini ya kazi hii.

Nimechoka kumtazama baba yangu kama mwizi. Lakini nikiacha kumtazama, naona chumba cha mbele kikiwa kitupu.

Fundi

*

21 Aprili

Kwa mwanangu Kitinda,

Marahaba.

Kadi imejaa. Naiambatanisha, uikague. Uliomba asubuhi thelathini nyumbani, nami nimetoboa thelathini. Matundu ishirini na tisa ni halali. La kumi na saba ni la uongo. Siku hiyo dada yako alikwenda sokoni mapema kununua nyuzi, nikatoroka kwenda ibada, nikarudi, nikatoboa kama nilikuwepo. Nilikusudia kunyamaza. Lakini wewe ni mkaguzi, na mimi najua kadi ya uongo inavyomkaa mtu mfukoni.

Najua, kwa sababu nilikagua ya kwako.

Kila mkagua tiketi alipewa koleo lenye umbo lake, ili ofisini wajue nani ametoboa. Langu ni kitasa. Mwaka ule uliponiletea kadi yako, matundu kumi na tisa yalikuwa ya kitasa na kumi na moja yalikuwa ya duara. Koleo la duara alikuwa nalo fundi viatu wa pale kwenye kona. Niliona kabla kadi haijafika mkononi mwangu. Ulikuwa na miaka tisa na midomo ilikuwa inakucheza.

Kwenye treni, abiria mwenye tiketi ya uongo huwa namtazama kwanza usoni. Wengi wana ujeuri. Wewe ulikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kumwogopa Mungu, ilikuwa ya kuniogopa mimi. Nikaona kwamba muda wote ule sikuwapeleka kwa Mungu, niliwapeleka kwa mkaguzi. Na mkaguzi mwenyewe hakuwa na kadi. Kama ningekushika, ungeniuliza, Baba, ya kwako iko wapi? Niliogopa swali la mtoto. Nikakupandisha treni. Dada yako aliyeleta kadi ya kweli yenye upungufu wa matatu nikampigisha magoti, kwa sababu kukuadhibu wewe kungenifichua na kumwadhibu yeye hakukunigharimu kitu. Hilo ndilo kosa langu. Nimeliandika, sasa liko kwenye kumbukumbu.

Mnataka kujua kwa nini nakwenda ibada. Januari mvua ilinikuta njiani nikaingia kujikinga. Nikakaa karibu na mlango. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Walipomaliza nikangoja mtu anitoboe kitu, hakuna aliyekuja. Nikatoka nikiwa mwepesi. Kesho yake hapakuwa na mvua, nikaenda. Maisha yangu yote niliona mabehewa yakikaa sawa yanaposikia koleo langu mlangoni, nikaamini binadamu ndivyo alivyo. Nilitaka kuona kama ninaweza kukaa kwenye behewa lisilo na mkagua tiketi. Nilikuwa naweza. Niliweza miezi miwili na siku kadhaa.

Halafu dada yako akaficha viatu. Nikaenda na kandambili, na pale nilikuwa na furaha, nikikuambia hutaamini. Akaninyima chai, nikaenda. Sikumlaumu, nilimfundisha mimi. Lakini barua yako ilinishinda. Fimbo niliivumilia, zawadi sikuiweza. Nataka kukuona kuliko nilivyotaka kitu chochote kile, na ile ibada iliyokuwa haina tiketi ikawa na bei. Nikakaa nyumbani nikitoboa. Umeandika kwamba huko unasali. Sikukuuliza, mwanangu.

Jambo la mwisho ni siri. Dada yako anatafuta hati, mpaka godoro langu amelishona upya kwa uzi wa rangi nyingine. Hati niliipeleka ofisi ya ardhi mwezi wa Januari ili nyumba iandikwe jina lake peke yake. Wewe una kazi na nyumba ya serikali, yeye ana magoti. Imesharudi, iko ndani ya bitana ya koti. Sijamwambia na nakuomba usimwambie mpaka nife. Miaka kumi na minne ananipa chai bila kujua kama atapata kitu. Ndiyo chai pekee niliyowahi kuinywa bila kuikagua. Akijua, nitaanza kuitazama kila asubuhi, naye ataanza kujitazama.

Kadi ni yako sasa. Ukija, njoo. Usipokuja, nitaelewa ni tiketi ya namna gani niliyopewa.

Baba yako

*

2 Mei

Dada,

Humu ndani kuna barua ya Baba. Isome kwanza, halafu rudi hapa.

Umesoma. Basi unajua yote mawili, la hati ambalo ameniomba nisikwambie, na la matundu ambalo mimi mwenyewe sikukwambia miaka thelathini na mitatu. Ningeweza kukunakilia nusu tu, ile ya nyumba, nikabaki mdogo wako aliyejaza kadi. Nililiwaza hilo siku tatu. Kalamu ilikuwa mkononi.

Fundi viatu alinikodisha koleo lake kwa gololi kumi na moja, gololi moja kwa kila tundu. Nilitoboa chini ya kitanda chetu wakati wewe umekaa juu yake unanishonea kifungo. Kwenye treni nilikaa kibandani kwa Baba nikala chungwa, na wewe ulikuwa jikoni. Nilijua uko jikoni. Nilimaliza chungwa lote.

Baada ya hapo sikuweza tena kuingia nyumba ya ibada bila kuyaona yale matundu ya duara. Nikajiambia dini yote ni kadi, kila mtu ana koleo la wizi mahali fulani. Nikatafuta kazi ya kukamata watu. Na Baba alijua tangu siku ya kwanza, akaninunulia chungwa.

Nimevunja siri yake kwa sababu sikuweza kukuacha unaitafuta hati iliyo na jina lako huku unamwona mwizi. Kama nimekosea, nimekosea. Nimeomba likizo leo, ya kweli, bosi ametia sahihi mbele yangu. Naweza kupanda basi tarehe ishirini. Nimwandikie Baba kwamba kadi imekubaliwa na nakuja tarehe hiyo? Au utamwambia wewe?

Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Nipigishe magoti ukitaka. Nusu saa mara kumi na moja.

Kitinda

*

10 Mei

Kitinda,

Kumi na moja! Mimi niliachwa kwa matatu, wewe ukapanda treni kwa kumi na moja, na bado miaka yote hii Baba akikutaja anasema "yule aliyejaza kadi" nami naitikia. Nimekasirika mpaka nimekaa juu ya meza ya kukatia nikalia, mteja akadhani nimefiwa. Sitakusamehe wiki hii. Wiki ijayo nitaona. Chungwa lote, kweli? Hata kipande?

Haya. Sasa la Baba, maana hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Jioni ile ile niliyoisoma barua yake nilimkuta amekaa dirishani na koti lake, nikaona pale kwenye bitana, upande wa kushoto, mishono ya mkono, mibaya, ya mwanamume. Ilikuwa pale siku zote. Mimi fundi, ninayeona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, nilifua shati lake, nikapekua godoro lake, na koti nililiona kila asubuhi likitoka mlangoni, sikuliangalia hata mara moja. Nilikuwa nikiangalia anakoelekea.

Sijamwambia kwamba najua. Nilipika chai asubuhi iliyofuata nikaimimina, na mkono ukasita kwenye sukari. Vijiko viwili au kimoja? Nikijaza viwili, ni kwa sababu ni baba yangu au kwa sababu nyumba ni yangu? Miaka kumi na minne sikuwahi kujiuliza swali hilo. Sasa najiuliza kila siku. Alikuwa sahihi kunificha, na wewe ulikuwa sahihi kuniambia, na mimi ndiye ninayebaki jikoni na kijiko. Nimerudi kwenye kijiko kimoja na nusu, kama zamani kabla ya vita vyetu. Ameinywa. Alinitazama kidogo juu ya kikombe nikahisi amekagua, kisha akaniuliza kama nyuzi nyeupe zimeisha.

Viatu nimeviweka mlangoni. Sikumwambia aende, sikumwambia asiende, wala sikuvipiga kiwi. Siku mbili alivipita kama havioni. Bado anangoja jibu la kadi yake, Kitinda. Kila posta ikija anainuka kidogo kwenye kiti halafu anakaa. Inaniuma kumtazama, na ni neno moja tu litakalomponya, lakini naomba usiliandike.

Usimwandikie kwamba kadi imekubaliwa. Usimpe tarehe. Mimi pia sitampa. Ukimwandikia kwamba unakuja kwa sababu alitoboa thelathini, atakufa akiamini ulinunuliwa. Panda tu hilo basi. Shuka, pita kwenye chumba cha mbele, mkute popote atakapokuwa, na akikuuliza mbona umekuja, sema hukuwa na sababu. Atakushuku. Mwache akushuku, kaa naye hivyo hivyo.

Leo asubuhi, niliposimama jikoni nikingoja maji yachemke, nilisikia mlango wa mbele. Nilichungulia. Viatu havipo.

Dada yako,
Fundi